Uzoefu wangu: kinesiolojia kwenye chuo cha jamii California, kabla ya kuhamia CSU

Nyota nne kati ya tano. Ninachokipima ni njia nzima: unaanza sayansi ya mazoezi, ambayo California huitwa kinesiolojia, kwenye chuo cha jamii (community college, chuo cha umma cha miaka miwili), unachukua digrii ya miaka miwili ya kuhamia iitwayo AA-T, kisha unamalizia shahada kwenye chuo kikuu kimojawapo cha CSU, yaani mfumo wa California State University. Kwa ufundishaji ningetoa tano bila ubishi. Nyota moja imepotelea kwenye mpangilio wa masomo. Karatasi rasmi inakutajia masomo yanayotakiwa, haikuambii lipi litangulie lipi, na hapo ndipo miaka miwili inapogeuka mitatu.

Tuanze na hela. Mkazi wa California analipa dola 46 kwa yuniti (kipimo cha uzito wa somo), bei iliyosimama palepale tangu 2012. Digrii ni yuniti 60, kwa hiyo ada tupu ni dola 2,760 kwa masomo yote. Mwaka mmoja tu wa CSU, 2025/26, ulikuwa dola 6,450 kabla ya ada ndogondogo za kampasi. Mkazi mwenye kipato kidogo aombe California College Promise Grant, inafuta hiyo 46 yote. Ajaze na FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali kuu, maana ruzuku ya Pell ndiyo inayobeba vitabu na nauli. Aliyeingia kwa grini kadi ahesabu mwaka mmoja na siku moja wa kuishi jimboni kabla ya kulipa bei ya mkazi; kuna watu hukimbilia kujiandikisha mwezi wa tatu tangu wafike na kulipa mara kadhaa ya bei bila sababu. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, hayumo kabisa kwenye msaada huu. Vyuo vingi vitamtoza zaidi ya dola 300 kwa yuniti, lazima abebe yuniti 12 kila muhula, na ndani ya hizo 12 somo la mtandaoni linalohesabiwa ni moja tu.

Kiini cha digrii ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Utangulizi wa kinesiolojia yuniti 3, anatomia 4, fiziolojia 4. Halafu masomo matatu ya vitendo kutoka makundi tofauti, mathalani kuogelea, dansi na mpira wa timu, aghalabu yuniti moja kila moja. Mwisho masomo mawili ya kuchagua kwenye orodha yenye takwimu, biolojia, kemia, fizikia na huduma ya kwanza. Yanayobaki ni elimu ya jumla, mfumo wa Cal-GETC wenye yuniti 34, na nyingine za kujazia hadi 60.

Kinachokwamisha ni anatomia. Maabara ina meza chache, na wanaozigombania ni wanafunzi wa uuguzi pamoja na wewe. Vyuo vingi vinadai biolojia kwanza. Sasa piga hesabu: ukisogeza biolojia hadi muhula wa pili, anatomia inaangukia wa tatu na fiziolojia wa nne. Dirisha la maombi ya CSU kwa wanaohamia msimu wa kupukutika majani hufunguliwa Oktoba 1 na kufungwa mwanzoni mwa Desemba, katikati ya muhula wako wa tatu. Utakuwa unaomba bila hata alama moja ya somo zito.

Mpangilio ninaoupendekeza: muhula wa kwanza biolojia, Kiingereza cha uandishi, takwimu na utangulizi wa kinesiolojia. Wa pili anatomia, hotuba, na somo moja la vitendo. Wa tatu fiziolojia, fikra makini, na kemia kwa atakayeihitaji. Wa nne ndio wa vipande vilivyobaki. Hotuba, uandishi, fikra makini na hesabu (takwimu ndiyo hesabu yenyewe) lazima yaishe na C au zaidi kabla ya majira ya joto ya kuhamia; likikosekana moja, ombi linaweza kutupwa hata kama wastani wako ni 3.8. Masomo ya kinesiolojia nayo yanataka C.

Kupata kiti nako kuna ufundi wake. Maliza utambulisho wa chuo na mpango wa masomo ulioandikwa na mshauri mapema, kwa sababu ndivyo vinavyokusogeza mbele kwenye tarehe ya kujiandikisha. Darasa likiwa limejaa, ingia orodha ya kusubiri, kisha uwepo mlangoni siku ya kwanza. Mwalimu huwafuta wasiofika siku hiyo na kutoa namba za kuongezwa kwa waliosimama ukutani. Anayengoja barua pepe nyumbani hubaki hukohuko nyumbani.

Maabara ya anatomia yenyewe ni tamu, ila mtihani wake una ukatili wake. Meza zimepangwa kwa vituo, kila kituo kina mfupa au kielelezo chenye pini au utepe wa rangi, una kama dakika moja, kengele inalia, unahama. Swali la fupa la paja huja hivi: taja alama hii, na mfupa ni wa kulia au kushoto? Ushike wima mbele yako, kichwa cha duara kikiwa juu. Tafuta linea aspera, ule mstari wenye makwaru, uuelekeze kifuani kwako, maana kwenye mwili uko nyuma. Sasa tazama kichwa kimegeukia wapi. Kikielekea kushoto kwako, mfupa ni wa kulia. Mazoezi ya sekunde tano, na alama mbili ziko mfukoni.

Tahajia nayo inahesabiwa. Ilium ni mfupa wa nyonga, ileum ni sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Wenzetu waliozaliwa huku huyatamka sawasawa, kisha wanakosea kuandika. Sisi wenye Kiswahili tuna bahati: soma majina ya Kilatini kwa Kiswahili, kila irabu kwa sauti yake, i-li-um na i-le-um, na tahajia inakaa yenyewe. Ni ushauri pekee kwenye tathmini hii ambao hutaupata kwa mshauri wa chuo.

Fiziolojia inaangusha waliopita anatomia kwa kukariri. Huko hakuna pini, kuna mnyororo wa sababu. Moyo ukipiga mara 70 kwa dakika na kila pigo likasukuma mililita 70, damu inayotoka ni lita 4.9 kwa dakika. Swali la mtihani ni nini kitatokea mtu akianza kukimbia, kipi kitapanda kwanza, na kwa nini. Kadi za kukariri hazitakuokoa. Chora mishale kwenye karatasi kubwa, kisha ueleze kwa mdomo bila kutazama.

Kosa la gharama kubwa zaidi ni kuamini kwamba AA-T inatosha kwa kila lengo. Anayetaka udaktari wa fiziotherapia atadaiwa, kwa kawaida, kemia mihula miwili na fizikia mihula miwili, zote na maabara, na AA-T inakuruhusu kuzikwepa zote. Chukua kemia hapa, kwa dola 46. Programu ya usaidizi wa fiziotherapia pia ni ya miaka miwili lakini ni kitu kingine: inakuandaa kwa leseni ya kazi, haikusogezi sana kwenye shahada. Tabibu wa wanamichezo, yule anayekimbilia uwanjani mchezaji akianguka, sasa anahitaji shahada ya uzamili. Anayetaka kufundisha watu jimu anaweza kufanya cheti cha ukufunzi cha NASM au ACE akiwa bado anasoma. CSCS ya NSCA, cheti cha wakufunzi wa nguvu na mazoezi ya wanamichezo, ingoje shahada.

Kabla ya kulipia somo lolote fungua assist.org, tovuti inayoonyesha somo lipi linakubalika wapi ukihama, weka chuo chako na chuo kikuu unachokitaka, usome mstari kwa mstari. Jihadhari na anatomia na fiziolojia zilizochanganywa kuwa sehemu ya kwanza na ya pili. Ukimaliza ya kwanza ukahama chuo, nusu hiyo inaweza isihesabiwe kama anatomia wala fiziolojia.

Dhamana ya AA-T, iliyotokana na sheria ya SB 1440 ya 2010, ni ya kweli lakini isome vizuri. Inakuhakikishia nafasi ndani ya CSU na kumaliza shahada kwa yuniti 60 zaidi kwenye programu inayolingana. Haikuhakikishii kampasi. Kampasi za San Diego State na Long Beach waombaji wamezidi nafasi, hivyo ongeza kampasi mbili zisizo na msongamano. Kila ombi ni dola 70, na msamaha wa ada upo kwa wenye kipato kidogo.

Na AA-T haijitoi yenyewe. Kwenye vyuo vingi unajaza fomu ya kuomba digrii muhula wa mwisho, yenye tarehe yake ya mwisho. Usipoijaza, chuo hakitathibitisha chochote CSU watakapouliza, na faida yote ya digrii kwenye ombi lako inabaki kabatini.