Kitulo mwezi wa saba: barafu asubuhi na mlima Rungwe (uzoefu wangu)

Kila mtu atakwambia nenda Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, huku Nyanda za Juu Kusini, kipindi cha maua, mwezi wa 11 mpaka wa 4 hivi, na ni kweli kabisa ndo maana wanapaita Bustani ya Mungu, lakini mimi nimeenda mwezi wa saba kwenye baridi lenyewe na nawaambia ndugu zangu msiuache huo msimu. Maua hamna, nyasi zimekauka, ila kuna barafu na mlima unauona wote, wakati masika unaweza kwenda ukaishia kuangalia ukungu tu.

Nilienda na mama, mwalimu mstaafu, ana miaka 61, mtoto wa Tukuyu, chini ya mlima Rungwe. Tulienda na watu wanaopeleka wageni huko, tripu ya siku moja tulilipa shilingi 85,000 kila mtu, humo kuna usafiri, muongozaji, kiingilio cha hifadhi, chai na msosi wa mchana.

Nianze na kilichoniudhi. Tuliambiwa sa tisa usiku tuwe Uyole, hapa Mbeya, gari imekuja sa kumi na robo, muda wote huo nimesimama na mama kwenye lile baridi mnalolijua, ukipiga simu unaambiwa tupo hapo Soweto tunakuja. Halafu meseji yao ilisema "mje na sweta", basi. Jamani Kitulo ni mita 2,600 na zaidi kwenda juu, mwezi wa sita na wa saba usiku joto linashuka mpaka chini ya sifuri, unamwambiaje mtu mzima aje na sweta? Bahati nzuri nilibeba blanketi, mizula miwili na soksi za kuvaa mbilimbili, bila hivyo mama angeumwa. Na kuchelewa huko kuna hasara nyingine, barafu haisubiri, jua likishachanganya inaondoka yote.

Tulipita Isyonje tukakata kushoto, vumbi mwanzo mwisho, tukafika juu sa moja kasoro. Aisee. Bonde zima jeupe. Sio theluji, ni ule umande ulioganda, wengine wanaita sakitu, kila jani la nyasi limevaa vichembe vyeupe kama chumvi ya mawe na ukikanyaga panalia kwacha kwacha chini ya kiatu. Pembeni ya njia kulikuwa na kidimbwi kimeganda juu, muongozaji akainua kipande taratibu kwa vidole viwili, chembamba kama kioo cha dirisha, ndani yake kuna jani limenasa. Mama akakishika, akakiangalia mpaka kikaanza kumchuruzikia kwenye mkono wa sweta. Miaka yote kafundisha watoto maji yanaganda kwenye nyuzi sifuri, anasema hajawahi kuyashika yakiwa yameganda yenyewe porini.

Tukatembea kama masaa mawili kwenda, sio njia ngumu, ni vilima vya kupanda na kushuka ila pumzi inakata haraka kwa sababu ya urefu, nendeni mdogo mdogo. Tulipotokea ukingo wa magharibi ndo Rungwe yenyewe ikasimama mbele yetu, mita 2,900 na ushee, mawingu yamelala chini kiunoni, juu kweupe bila doa. Mama alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Huku ndo mgongoni kwake. Mimi miaka yote namuona usoni." Maana amekulia upande wa pili kule kwenye migomba na chai, ambako mvua ikianza mlima unaweza usiuone wiki nzima.

Hapa nimpe muongozaji haki yake, huyu kijana anajua kazi. Alituonyesha Kiejo kwa kushoto, kafupi kuliko Rungwe lakini ndo kalikomwaga lava mwisho, miaka 200 na kitu tu iliyopita. Wakati wa kurudi akasimamisha gari karibu na Isyonje pale barabara ilipokata udongo, akachomoa jiwe lina vitundu kama sponji, akaliweka kwenye kifuniko cha chupa ya chai chenye maji, likaelea! Akasema hayo yalinyesha toka Rungwe ilipolipuka kama miaka 4,000 iliyopita, yakafunika ukanda mzima huu, na udongo wa majivu ya volkano ndo huu unaotulisha viazi. Mama akamwambia "ndaga fijo mwanangu", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na yeye akajibu kwa heshima zote, shikamoo za asubuhi alikuwa ameshazitoa kwa kila mkubwa kwenye gari, vitu vidogo lakini mimi naviangalia.

Msosi ulikuwa wa kawaida, wali maharage umepoa. Chai ya tangawizi ndo iliokoa watu.

Nawapa nne kati ya tano, hiyo moja waliyokosa ni ya Uyole. Ukienda nao waulize kabla hujalipa gari inatoka sa ngapi kweli, na usifuate habari ya sweta, beba koti zito, glavu, mzula na viatu visivyoingiza maji maana barafu ikiyeyuka zile nyasi zinalowesha mpaka magotini. Tulivyoshuka Isyonje tulinunua debe la viazi, na lile jiwe la kuelea mama kaliweka dirishani jikoni, kila mgeni akija analetewa bakuli la maji aone.