Saa janja ya kupima msongo wa mawazo: zima arifa za mchana, fuatilia usiku

Saa hizi haziuoni msongo. Zinachoona ni damu. Taa ya kijani iliyo nyuma ya saa humulika ngozi, na mwanga unaorudi huonyesha kila pigo la moyo. Saa huhesabu muda kati ya pigo na pigo. Mwili ukitulia, muda huo hufupika kidogo ukivuta pumzi na kurefuka ukiitoa. Adrenalini ikipanda, mapigo huenda mbio na nafasi kati yake huwa karibu sawa. Namba ya msongo, ya 0 hadi 100, hutoka hapo.

Lakini kahawa, homa, pombe, ngazi ulizopanda punde, hata furaha ya kumpokea mgeni, vyote huleta hali hiyohiyo. Saa ikikuandikia 82 nawe unacheka na watoto, haijaharibika, haijui sababu tu. Kwa hiyo arifa za mchana zizime. Mwenye wasiwasi hahitaji kitu cha kumtikisa mkono kila mara kumkumbusha kwamba hajatulia.

Faida yake iko usiku. Ivae wiki mbili mfululizo upate wastani wako mwenyewe wa usiku, kisha jilinganishe na huo, si na wa rafiki. Usiku mmoja mbaya upuuze. Nne au tano mfululizo, angalia saa unayolala, unachokunywa jioni na kazi iliyoongezeka.

Ivae juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, upana wa kidole kimoja, mkanda usicheze wala usibane. Ukilegea, mwanga wa nje huingia na namba huruka ovyo. Tatuu nyeusi huzuia mwanga, basi hamishia mkono wa pili.

Kilicho bora kuliko vyote ni zoezi la pumzi lililomo kwenye saa. Weka sekunde 4 za kuvuta na 6 za kutoa, kwa dakika 5. Wengi hukosea kwa kuvuta kwa nguvu mpaka mabega yanapanda, wakaishia na kizunguzungu na ganzi ya vidole, maana wametoa kaboni dayoksaidi kupita kiasi. Vuta kidogo, kwa pua, tumbo ndilo liinuke. Saa ikitikisika kukuongoza, unaweza kufumba macho.

Presha ipime si kwa saa bali kwa mashine ya kufunga mkononi juu ya kiwiko, baada ya kukaa kimya dakika 5. Na kifua kikibana, au maumivu yakishuka mkononi au tayani, nenda hospitali mara moja, hata kama saa inasema umetulia.