Kozi ya video ya chanzo cha uhai, somo la Greenland msiliruke

Nimemaliza hii kozi ya mtandaoni ya chanzo cha uhai duniani na naipa nyota nne kati ya tano, sababu mwalimu hakulishi jibu, anakuonyesha jiwe kwanza afu ndo anakwambia watu wanabishania nini. Anaanza na Jack Hills kule Australia, vipunje vya zirkoni (madini magumu yanayodumu sana) vya miaka kama bilioni 4.4, vidogo mno, lakini oksijeni iliyofungiwa humo inaonyesha maji yalishakuwepo dunia ikiwa changa kabisa, mi nilidhani enzi zile ni lava tupu.

Lililonibamba zaidi ni somo la Isua, Greenland. 2016 watafiti walitangaza wamepata stromatolaiti, yaani matabaka yanayojengwa na vijidudu, za miaka bilioni 3.7, afu 2018 wengine wakalichunguza jiwe kwa upande mwingine wakasema hapana, hayo maumbo ni mwamba uliominywa na kukunjwa tu. Picha za pande zote mbili zimewekwa na unaachwa uangalie mwenyewe kabla hajaongea, halafu anakupeleka Pilbara, Australia, kwenye zile za bilioni 3.48 ambazo wengi wanazikubali. Hapo nilirudia video, ni nzuri sana jamani.

Jaribio la mwanakemia Miller la 1952 limo pia, methane, amonia, haidrojeni na mvuke kuiga hewa ya dunia changa, unapiga cheche za umeme, zinatokea asidi amino, yaani vipande vinavyojenga protini. Nimependa wamesema wazi kwamba hewa ya wakati ule huenda ilikuwa zaidi kabonidioksaidi na naitrojeni, ambako matokeo hayaji kirahisi hivyo.

Sasa kilichoniudhi, RNA, ile molekuli ndugu ya DNA inayobeba taarifa za urithi, wameikimbiza. Wanasayansi Cech na Altman walipata Nobel 1989 kwa kuonyesha RNA inaweza kuchochea mmenyuko wa kemikali yenyewe bila protini, na hilo ndo linafanya watu waamini molekuli moja ingeweza kubeba taarifa na kufanya kazi pia, yaani ndo moyo wa hoja nzima, wao wameipitia juujuu wakahamia matundu ya maji moto chini ya bahari, ambako wengine wanadhani uhai ulianzia. Hayo matundu wameyaeleza vizuri lakini, hasa Lost City, eneo la matundu hayo kwenye Atlantiki lililogunduliwa 2000.

Afu maandishi ya chini ya video yanachanganya milioni na bilioni, kwa somo kama hili hilo ni kosa kubwa, warekebishe. Kama unaanza kabisa, yazime usikilize sauti tu.