Kabla ya kununua hadubini, uliza kama jukwaa linashuka

Hadubini yangu ya kwanza niliponzwa na namba: boksi liliandikwa inakuza mara 2,500. Nikaweka ngozi ya kitunguu, nikazungusha skrubu kubwa, kisha ndogo, seli zikajipanga kama matofali. Nikainama kuchora. Kurudisha jicho, ukungu. Nikarekebisha, ukungu tena. Wiki nzima nililaumu macho yangu, kumbe jukwaa linaloshika slaidi lilikuwa likiteleza chini polepole kwa uzito wake lenyewe.

Kasoro hii haiandikwi popote. Lakini kwa lenzi ya 40 (inayokuza mara 40), unene unaoonekana safi kwa wakati mmoja ni kama mikromita moja tu, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, na kwa ile ya 100 ni pungufu ya hapo. Jukwaa likishuka kidogo tu, kazi imeharibika.

Jaribu hivi: weka slaidi, fokasi kwa lenzi ya 40, kaa dakika kumi bila kugusa kitu, kisha chungulia. Tazama pia kama pembeni mwa skrubu kubwa kuna pete ya kukaza. Kama haipo, siku skrubu ikilegea huna la kufanya.

Namba moja kwangu ni Olympus CX23, na upendeleo wangu siufichi. Jukwaa lake hukaa ulipoliacha. Ya pili, Nikon E100. Ya tatu ni Olympus CH2 iliyotumika: ni kuukuu, taa yake ya halojeni inapata joto, ila chuma chake kizito hakina utani. Ukiiona, kagua lenzi ya 100, ambayo hutumika ikigusa tone la mafuta juu ya slaidi, kama haijagandiwa na mafuta ya mtu aliyetangulia.

Za plastiki? Mnunulie mtoto, basi.

Na hizo mara 2,500! Lenzi ya mafuta ya 100 kwa kawaida ina uwezo wa kukusanya mwanga wa 1.25, na ukuzaji wenye faida huishia kama mara elfu ya namba hiyo, kwa hiyo ukipita mara 1,250 huoni kitu kipya. Muuzaji anachomeka lenzi ya jicho ya 25, anazidisha na 100, bei inapanda.

Wangu nilipomrudishia mzigo alikataa kuupokea. Alisema sijui kutumia, akanipa lenzi ya jicho ya 30 kama zawadi, niutazame ukungu ule ule ukiwa mkubwa zaidi.