Mama alivyotolewa mwiba wa mbasa kooni: uzoefu wangu hospitali ya rufaa Mbeya

Kama umekwamwa na mwiba wa samaki kooni, uko Kyela au Rungwe, na unajiuliza kama kuna haja ya kwenda hadi Mbeya mjini: nenda, tena leo.

Mama amekula mbasa tangu utotoni, lakini samaki huyu ana vijiba vyembamba vilivyojificha ndani ya nyama. Kimoja kikamkwama. Majirani wakaja na tiba ile ile ya siku zote: ameze tonge kavu la ugali, ikishindikana ndizi mbivu bila kutafuna. Kulipokucha hata mate hayapiti. Zahanati ya kwanza ilimpa dawa za maumivu na antibayotiki bila hata kumwambia apanue kinywa. Jambo hilo linanikera hadi leo.

Tukapanda gari kutoka Kyela, tukapita Tukuyu, Kiwira mpaka Uyole, mlangoni mwa Mbeya mjini, zaidi ya kilomita 100, mama anatemea kwenye kopo.

Pale rufaa muuguzi alipoliona lile kopo alituondoa kwenye foleni. Daktari wa masikio, pua na koo akamwamkia, akavuta kiti karibu: samaki gani, alikula saa ngapi, panauma upande upi, ametema damu? Akampiga ganzi ya kupuliza, akamshika ulimi kwa kitambaa cha gozi, akachungulia kwa kioo kidogo. Hakuona kitu. Picha ya eksirei nayo haikuonyesha. Hapo ndipo nilipompenda yule daktari, maana hakuturudisha nyumbani. Alisema miiba mingi ya samaki haionekani kwenye eksirei, na mtu asiyeweza kumeza mate haruhusiwi kuondoka. Akapitisha kamera nyembamba puani, akauona umechoma pembeni, pale njia ya chakula inapoanzia. Kuhusu ugali alitueleza kwa upole kwamba tonge huusukuma mwiba ukachimba zaidi, na umio ukitoboka usaha unaweza kushuka hadi kifuani.

Ilibidi alazwe usingizi. Wakahakikisha zimepita saa 6 bila chakula, asije akatapika akiwa usingizini na matapishi yakaingia kwenye mapafu. Walipomaliza walinionyesha mwiba kwenye kichupa: mwembamba kama uzi wa kushonea, una panda upande mmoja. Mama alilala wodini wakimwangalia homa, uvimbe wa shingo na maumivu ya kifua, kisha akaruhusiwa uji uliopoa.

Kwa daktari na manesi natoa alama zote. Malipo ndiyo yanachosha: dirisha hili unachukua namba ya malipo, lile unaonyesha risiti, na hakuna kibao kinachoelekeza kliniki ya koo iko wapi. Nenda na ndugu wa pili, mmoja azunguke na karatasi, mwingine abaki na mgonjwa.