TAHADHARI: Fundi wa kamera anayesajili mitambo ya wateja kwenye akaunti yake

Ndugu zangu, yule fundi wa kamera za usalama niliyewagawia namba yake baada ya yale yaliyotupata nyumbani, ambayo mnayajua na sitayarudia hapa, ni tapeli. Kama ameshafunga kamera kwenu, tafadhali someni mpaka mwisho kabla hamjampigia simu kumwuliza lolote, kwa maana akishtuka atawafungia nje kama alivyonifungia mimi.

Siku ya makabidhiano alikuwa amemaliza kila kitu kwa unadhifu ambao sijauona kwa fundi mwingine: nyaya zote zilikuwa ndani ya mabomba, na vumbi la kutoboa ukuta alilifagia mwenyewe. Akaomba simu yangu, akaweka programu ya kuangalizia, akaandika tarakimu kadhaa upesi upesi, na mara nikaliona lango, uwanja wa nyuma, na sebule ambamo mama mkwe alikuwa amekaa. Nikamwuliza kama nikiwa safarini nitaona vilevile. Akacheka kidogo, akasema, "Mama, popote duniani. Njoo nikuonyeshe." Akanitoa hadi nje ya lango, tukasimama ng'ambo ya barabara, naye akaninyooshea simu yangu mwenyewe: picha ilikuwa palepale, na nilimwona mama mkwe akijivutia shuka miguuni wakati uleule. Kisha akatoa simu yake, akazima Wi-Fi mbele ya macho yangu, akabaki na data tu, na sebule yangu ikatokea huko pia. Nilimlipa salio lote tukiwa tumesimama hapohapo barabarani.

Kinachoniuma ni kwamba hakuna picha hata moja ya bandia katika hayo niliyoonyeshwa. Pale ng'ambo ya barabara simu yangu ilikuwa bado imeshika Wi-Fi ya nyumbani, na zile tarakimu alizoandika zilikuwa anwani ya ndani, zile zinazoanza na 192.168, ambazo hutumika ndani ya nyumba zisizohesabika na hazifikiki kutoka nje hata ukiwa na intaneti ya kasi namna gani. Simu yake ilikuwa kweli inaona kwa mbali, lakini kwa sababu alikuwa ameupiga picha msimbo wa QR uliobandikwa chini ya mashine ya kurekodi na kuisajili mashine hiyo kwa jina lake. Kwa hiyo mwenye kuiona nyumba yangu kutoka popote duniani alikuwa yeye, nami nilikuwa nikiiona kutoka mlangoni pangu.

Wapo watakaosema nilikuwa mwepesi wa kuamini. Mtu huyu alipima kasi ya intaneti yangu kabla ya kuniuzia chochote, akanieleza kwamba kwa kazi ya kamera kinachohitajika ni kasi ya kupandisha, siyo ile ya kushusha ambayo kampuni hupenda kuitangaza. Akaniambia nichague mashine inayobana picha kwa mfumo wa H.265 badala ya ule wa zamani wa H.264, kwa sababu picha ya ubora uleule hula data na nafasi ndogo zaidi. Yote hayo ni kweli, nimeyahakikisha baadaye. Tena alikataa kuniuzia kamera ya ziada niliyoitaka, akisema laini yangu isingeibeba. Fundi anayekataa fedha yako kwa maelezo ya kitaalamu, ungemshuku kwa lipi?

Niliposafiri, programu ikaandika kwamba kifaa hakijaunganishwa. Nilipompigia, akanijibu kwa upole uleule kwamba kampuni ya intaneti hainipi anwani yangu mwenyewe ya nje, bali inawachanganya wateja wengi nyuma ya anwani moja, hivyo ni lazima nilipie kila mwezi seva yake, yaani kompyuta ya kupitishia picha. Nusu ya kwanza ni jambo la kawaida katika intaneti za majumbani. Nusu ya pili ni wizi. Mashine za siku hizi huenda zenyewe kwenye seva ya mtengenezaji na kusubiri huko, ukaziita kwa namba yao ya usajili, na kuangalia kwa namna hiyo kwa kawaida hakuna ada. Nililipa, picha zikarudi, nikamshukuru. Kumbe hapakuwa na seva yoyote: alikuwa amenigawia tu ruhusa ya kutazama kutoka kwenye akaunti yake, kama mpangaji anayefunguliwa dirisha. Mwezi niliochelewa kulipa, akaliziba.

Mpwa wangu ndiye aliyejaribu kuisajili mashine upya, na jibu likaja kwamba kifaa hiki tayari kimesajiliwa na akaunti nyingine. Tukafungua kumbukumbu za mashine yenyewe, mahali inapoandika nani ameingia na saa ngapi. Mtu alikuwa akiingia usiku, kutoka nje, kwa jina la msimamizi mkuu, saa ambazo sisi sote tulikuwa tumelala. Kamera ya sebuleni niliiweka kwa ajili ya mama mkwe, ambaye hali yake mnaijua, na hapo sebuleni ndipo anapobadilishwa nguo. Sijapata maneno ya kumweleza.

Huyu mtu asirudishe fedha tu akaachwa. Akamatwe, simu yake ichukuliwe na kukaguliwa, na kila nyumba iliyomo kwenye akaunti hiyo iarifiwe rasmi. Nenosiri aliloweka kwangu ndilo aliloweka kwa jirani, herufi kwa herufi, ikiwa na maana kwamba anayelijua moja anazo nyumba zetu zote. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na mashine za kurekodi nyingi mno duniani kwa kujaribu tu orodha fupi ya manenosiri ya kiwandani, na bado fundi anayejiita mtaalamu anathubutu kufanya hivi. Afungwe, na asishike tena bisibisi ndani ya nyumba ya mtu.

Dalili zilikuwepo, nazitaja kwa kifupi. Hakuniomba baruapepe yangu wakati wa kusajili. Hakuniandikia nenosiri la msimamizi, alisema "nitakutumia". Stika yenye msimbo wa QR ilikuwa imebanduliwa, akadai ilitoka na joto. Fundi yeyote akikuonyesha picha, zima Wi-Fi ya simu yako wewe, siyo yake, kisha utazame tena.

Waliofungiwa naye wachomoe leo waya wa mtandao nyuma ya mashine. Kamera zilizochomekwa kwa waya moja kwa moja kwenye mashine zitaendelea kurekodiwa bila yeye kuona, ila kamera zinazotumia Wi-Fi zenyewe hizo zizimeni kabisa. Msiirudishe mtandaoni kabla ya kubadilisha nenosiri na kuitoa kwenye akaunti yake, jambo ambalo mara nyingi hufanywa na mtengenezaji baada ya kuona uthibitisho wa ununuzi. Mimi nimekwama hapo, kwa sababu risiti aliyoniandikia haina namba ya mashine. Mwenye risiti yake iliyo kamili, au ujumbe wowote aliomtumia akidai ada ya hiyo seva, aniletee nakala. Malalamiko ninayaandikisha wiki hii, na napenda yawe ya nyumba nyingi.