Linux Mint baada ya Ubuntu kuhamia Snap: uzoefu wangu

Kabla ya kusakinisha distro tanzu (mfumo wa Linux uliojengwa juu ya mwingine, ndio mama yake), mimi hutaka kujua jambo moja: distro mama ikibadili mwenendo, hii itafanyaje? Kwa kipimo hicho Linux Mint, iliyojengwa juu ya Ubuntu, imenishawishi.

Vifurushi vingi vya Mint 22 hutoka moja kwa moja kwenye hazina (maghala ya programu) za Ubuntu 24.04, kwa hiyo linaloamuliwa huko humfikia mtumiaji wa Mint. Snap, njia ya Ubuntu ya kusambaza programu kupitia duka lake, ndiyo mfano ulio wazi. Tangu Ubuntu 19.10, kifurushi cha chromium-browser (kivinjari cha Chromium) kimebaki ganda tu: ukikisakinisha kwa apt (amri ya kusakinisha vifurushi), inaletwa snapd, programu inayoendesha Snap, kisha Chromium yenyewe inashushwa kutoka duka la Snap. Firefox ikafuata kwenye 22.04, Thunderbird kwenye 24.04. Kwa sisi tunaonunua bando hilo si dogo, maana snapd hukagua masasisho mara nne kwa siku na kuyashusha bila kuuliza.

Mint 20 ikaja na faili /etc/apt/preferences.d/nosnap.pref. Ina mistari michache inayoipa snapd kipaumbele cha -10, hivyo apt haiisakinishi kwa mlango wa nyuma. Baadaye timu ikaanza kutengeneza Chromium yake kama deb (kifurushi cha kawaida kisichohitaji Snap), kazi nzito inayorudiwa kila toleo jipya linapotoka, na ndiyo ninayoiheshimu zaidi. Hazina ya Mint ina kipaumbele cha 700, ya Ubuntu 500. Andika apt policy firefox uone ipi inashinda. Anayeitaka Snap afute faili ile, aendeshe sudo apt update, kisha sudo apt install snapd.

Shida huanzia kwenye hazina za nje. Maelekezo mengi ya Ubuntu hutumia lsb_release -cs kupata jina la toleo. Mint 22 hujibu wilma, na hazina iliyoandaliwa kwa Ubuntu haina folda ya jina hilo, ndiyo maana apt update inarudisha kosa la 404. Fungua faili ya hazina hiyo ndani ya /etc/apt/sources.list.d/, weka noble mahali pa wilma, urudie. Jina sahihi lipo kwenye /etc/os-release, mstari wa UBUNTU_CODENAME.

Mint hufuata matoleo ya Ubuntu ya LTS (yanayotunzwa kwa muda mrefu) pekee. Mint 22 ilitoka 2024 na keneli (kiini cha mfumo) 6.8, kwa hiyo kompyuta mpakato mpya zaidi inaweza kukosa Wi-Fi; kwa hiyo anzia 22.2, yenye keneli 6.14.

Ipo pia LMDE, Mint iliyojengwa juu ya Debian bila Ubuntu katikati, inayotunzwa ili Mint iwe na pa kwenda Ubuntu ikitoweka. PPA (hazina za nje zilizoandaliwa kwa Ubuntu) hazitumiki huko. Nayo ina mama yake: Debian 13 imeacha kutoa kisakinishi cha biti 32, na LMDE 7 ikawa ya biti 64 tu. Kwenye kompyuta kuukuu, endesha lscpu kwanza na usome mstari wa CPU op-mode(s); usipoona 64-bit, LMDE 7 haitawaka hapo.